Baba Wawili wa Muuguzi Orpa

Orpa Kalenga hakuwahi kupokea kitu bila kukigeuza kwanza aone upande wa chini. Ndivyo alivyozaliwa, na kazi ya uuguzi ikamzidishia. Siku moja mfanyabiashara alishuka kwenye kituo cha afya cha Kapulwe, kule mbele ya Kambove ambako vibanda vya wachimbaji vimejaa vumbi jekundu mpaka kwenye sufuria. Alikuwa na katoni ya vidonge vya malaria, akasema ni zawadi kwa watoto. Akina mama wakapiga vigelegele. Orpa akachukua kidonge kimoja, akakitia kwenye glasi ya maji, akaendelea na kazi zake. Saa sita mchana kidonge kilikuwa bado kimelala chini ya glasi, kizima, hata pembe hakijapoteza. Mfanyabiashara akaondoka na katoni yake, na tangu hapo watu wa Kapulwe wakawa wanasema kwamba malaika akishuka kwao, Orpa atamdai kwanza kadi ya mpiga kura.

Utani huo haukumuudhi. Alisema muuguzi anayeamini kila kitu huishia kuzika watu, naye hakusomea kuzika.

Kwa hiyo msomaji asishangae jinsi alivyoipokea habari ya mradi. Aliyeileta ni Jean-Claude, mkuu wa kituo, na kituo chenyewe kilikuwa na wauguzi hao wawili tu kwa vijiji sita. Alirudi kutoka Likasi na karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Orpa, banasema bataripa madeni ya masomo ya ba infirmier," akasema, yaani ya wauguzi. "Bale benye banatumika fasi ya mbali, fasi yenye bengine banakatala kwenda."

"Nani anaripa deni yenye hakukula?"

"Ni projet."

"Kila projet iko na mama yake. Ya hii, mama ni nani?"

Jean-Claude hakumjua mama wa mradi. Alijua tu kwamba ofisi ilikuwa Likasi, upande wa Panda, na kwamba mwisho wa kupokea maombi ulikuwa Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Orpa akaichukua karatasi akaisoma, akaisoma tena, na mara ya tatu akaisoma kuanzia chini kwenda juu, kwa sababu alikuwa amejifunza kwamba meno ya karatasi hukaa mwishoni. Masharti yalikuwa wazi. Muuguzi awe na diploma. Awe ameshatumika miaka miwili mahali penye upungufu, na akubali kubaki miwili mingine. Deni liwe la masomo kweli, na mkopeshaji atoe karatasi ya kulithibitisha. Fedha zingekwenda moja kwa moja kwa mkopeshaji. Alitafuta mstari wa kumwomba atoe chochote, hata hela ya muhuri, asiuone. Hapo ndipo shaka ilipomkaba zaidi. Mwizi asiyeomba kidogo leo, alijiambia, ana kikubwa anachokipigia hesabu.

Akapanda teksi-basi mpaka Likasi kwenda kuuona mradi huo kwa macho. Alimkuta mwanamke kijana, nadhifu, jina lake Carine, nyuma ya meza isiyo na vumbi. Hilo nalo Orpa alilitilia shaka. Likasi, meza isiyo na vumbi ni meza isiyo na kazi. Akauliza maswali. Akauliza nani anayetoa fedha, na huyo anayetoa anapata nini. Carine akajibu kwamba anayetoa anapata wauguzi wanaokaa vijijini badala ya kukimbilia Lubumbashi.

"Na kama nikikufa mbele ya ile miaka mbili kuisha?"

Carine akacheka. Orpa hakucheka. Carine akaandika kitu kwenye daftari lake.

"Unaandika nini?"

"Naandika asema uliuliza," Carine akasema, yaani kwamba aliuliza.

Orpa akatoka pale akiwa hajaamini, ila alikuwa amekosa pa kuushikia uongo, na kwake hiyo ilikuwa karibu sawa na kuamini.

Ikabaki kazi ya deni lenyewe. Na deni hilo, kama ungemuuliza mtu yeyote wa ukoo wao, halikuwepo.

Orpa alikuwa na miaka tisa baba yake alipofariki. Mama yake alirudi kwao Mulungwishi, na Orpa akachukuliwa na kaka mkubwa wa baba yake, Mzee Numbi, aliyekuwa fundi kiwandani. Numbi alimleta kwake Kikula, mtaa wa Likasi, akampa godoro na jembe, akamwandikisha shule, baadaye akamlipia miaka yote ya chuo cha uuguzi. Orpa alimwita Baba, maana ndugu mkubwa wa baba yako ni baba yako, hilo halihitaji kufundishwa. Na kila alipojaribu kumshukuru, mzee alitoa sentensi ileile: "Minye sikudai kitu, mwana wangu."

Sentensi hiyo ilimnyima Orpa usingizi kuliko mdai yeyote. Anayekudai atakwambia umebakiza kiasi gani, nawe utajua siku ya kumaliza. Asiyekudai humalizi naye. Basi kila mara alipopata ruhusa ya kushuka mjini, Orpa alikwenda Kikula na unga, na sabuni, na dawa ya goti la mzee. Mtoto wa jirani akiugua, anaitwa Orpa. Kukiwa na msiba, Orpa anapika. Alimpenda mzee, hilo lisitiliwe shaka hata na yeye mwenyewe, lakini alikuwa na miaka thelathini na miwili na alitaka siku moja aingie kwenye nyumba ile bila kuhisi amechelewesha malipo.

Akaenda, akamweleza. Mzee alikuwa ameketi uani, mguu mbovu ameunyoosha juu ya kigoda.

"Baba, ni kusaini tu, useme asema ulinikopesha feza ya masomo. Batakuripa yote."

"Minye sikukukopesha."

"Ni kwa karatasi tu."

"Nilikusomesha. Kukopesha ni kitu ingine." Akaivuta suruali yake kwenye goti, akaitengeneza taratibu. "Baba hakopeshe mutoto yake. Nikisaini vile, niko nasema asema weye haiko mutoto yangu. Na ukisharipa, utakuwa nani hapa? Mugeni. Utakuya kufanya nini kwangu?"

Orpa alitoka na hasira, na hasira ilipopoa akabaki na jambo baya zaidi. Aliona wazi kwamba mzee hataki deni liishe. Anataka ile kamba inayomfunga Orpa kwake. Na kamba ikishaonekana, mtu hutafuta imefungwa wapi. Akaanza kukumbuka mambo. Mbona mzee yule, mwenye binti muuguzi na shamba la mihogo, kila siku anaishiwa? Mbona kila jioni anatoka nyumbani akisema anakwenda kusali na wanaume wa parokia, kisha anarudi asubuhi? Ni sala gani hiyo isiyo na amina? Majirani walikwisha kunong'ona kwamba Numbi ana nyumba nyingine, na lisemwalo lipo, kama halipo laja. Basi unga wake, sabuni yake, dawa ya goti, vyote vilikuwa vikiliwa na mwanamke asiyemjua. Kikulacho ki nguoni mwako, Orpa akajisemea, na akalala akiwa na uhakika.

Alhamisi, siku moja kabla ya mwisho wa maombi, alishuka tena mjini na gari la kwanza kutoka Kambove ili atengeneze fotokopi za diploma na za cheti cha kuzaliwa. Jua lilikuwa ndiyo kwanza linapanda, baiskeli za watu wa kiwandani zimejaa barabarani. Mbele ya depo ya Maman Angèle, muuza saruji na mabati, lango likafunguliwa, akatoka mzee amevaa koti refu la kijeshi, tochi mkononi, anaburuta mguu mmoja. Orpa aliutambua mguu kabla hajautambua uso.

Akamwacha apite. Akavuka barabara, akaingia ndani ya depo. Maman Angèle alikuwa mwanamke mnene wa miaka hamsini na kitu, anakunywa chai juu ya mfuko wa saruji, na alipoona mtu ana karatasi mkononi asubuhi yote ile akamdhania mtu wa kodi.

"Tulisharipa," akasema kabla ya salamu.

"Sikuye juu ya ile, maman. Ule mzee mwenye anatoka sasa hivi, anafanya nini hapa?"

"Na weye ni nani?"

"Ni mutoto yake. Orpa."

Maman Angèle akaweka kikombe chini. Akamtazama kuanzia viatu mpaka kitambaa cha kichwa, kama anavyotazamwa mtu uliyemsikia miaka mingi na sasa amefika mwenyewe.

"Aa. Njo weye l'infirmière," akasema, yaani ndiye yule muuguzi. "Basi ni weye nilisomesha."

Akamweleza bila kuzungusha. Kiwanda kilipoacha kumlipa mzee mishahara, Orpa akiwa mwaka wa kwanza wa chuo, Numbi alikwenda kwake kukopa karo. Mwaka uliofuata akaja tena, na tena. Chuo kilipokwisha, mzee hakuwa na cha kurudisha, akamwambia hana fedha ila ana macho, anaweza kulinda. Tangu hapo alikuwa sentineli wa depo ile. Mshahara wake haukuwahi kumfikia mkononi. Maman Angèle aliukata kwenye deni. Na kwa jinsi saruji ilivyopanda bei na biashara ilivyolegea, mshahara wenyewe ulikuwa mdogo.

"Anaripa na usiku yake," akasema Maman Angèle. "Ikibakia vile, atamaliza akiwa kaburini. Minye siko muntu mubaya, lakini feza ilikuwa ya batoto yangu."

Orpa aliona aibu. Miaka yote alikuwa akipekua mikono ya watu kutafuta walichoficha, na aliyekuwa ameficha kitu kweli alikuwa amemfichia yeye wema. Wala usidhani kushuku kulimtoka papo hapo. Aliomba kwanza kuona karatasi. Maman Angèle akaitoa: jina la Numbi, sahihi ya Numbi, na mbele ya kila kiasi maneno yaleyale, masomo ya mtoto.

Alimkuta mzee nyumbani anavua koti.

"Ulinifwata," Numbi akasema, si kwa swali.

"Juu ya nini haukuniambia?"

"Muntu mwenye kujua deni yake anatembea kichwa chini. Minye nilitaka usome kichwa juu." Akalitundika koti, akakosa msumari mara ya kwanza. "Na sasa umejua. Ona vile umeinamisha."

Orpa akakaa chini kwenye kigoda, akalia, na hakuona haya. Kisha akapangusa uso, akamweleza kwamba dawa ya deni ni kulipa, kwamba mlipaji amepatikana, na kwamba yeye hakuhitaji tena kusaini kuwa alimkopesha mtu. Maman Angèle ndiye mkopeshaji. Masharti yalimruhusu mdaiwa kuwa muuguzi mwenyewe, au mzazi, au ndugu aliyemsomesha. Mzee alipapasa goti lake. Alikuwa na miaka sitini na tisa na amechoka, na uchovu ulimjibia.

"Kama ni vile, sawa."

Siku ileile Maman Angèle akasaini, haraka kuliko alivyowahi kusaini kitu. Orpa akajaza fomu kwa mwandiko wake wa daftari la chanjo, safi, bila kufuta. Penye nafasi ya jina la mdaiwa akaandika Numbi. Penye nafasi ya uhusiano, fomu ikiwa ya Kifaransa, akaandika "père", yaani baba. Hakufikiri hata sekunde moja. Ijumaa asubuhi akaipeleka.

Baada ya juma moja Carine akapiga simu. Sauti yake ilikuwa imebadilika. Orpa afike ofisini, na aje na huyo baba.

Walipoketi, Carine akaweka karatasi mbili sambamba juu ya meza. Moja ilikuwa cheti cha kuzaliwa cha Orpa: baba, Kalenga, marehemu. Nyingine ilikuwa fomu: baba, Numbi.

"Orpa, iko na ba papa bangapi?"

"Babili," Orpa akasema.

Carine akaandika. Safari hii Orpa hakuuliza anaandika nini. Carine akaeleza, bila ukali lakini bila kutabasamu, kwamba mwezi ule walikwisha kupata maombi matatu yenye baba wa kukodi: mtu anamchukua jirani, wanatengeneza deni, fedha zikija wanagawana. Wakubwa wa Lubumbashi wakiona baba wawili wanaona wezi wawili. Orpa alizoea kuwa upande wa pili wa glasi. Leo yeye ndiye aliyekuwa kidonge ndani ya maji, na mtu mwingine anamtazama kama atayeyuka. Iliuma. Na iliuma zaidi kwa sababu alijua kwamba Carine anafanya kazi yake vizuri; yeye mwenyewe angefanya vilevile.

Carine akamgeukia mzee. "Papa, weye ni nani kwake?"

"Baba yake."

"Baba yake alikufa. Iko mu karatasi."

"Mwenye alikufa ni mudogo yangu," Numbi akasema. "Baba yake hakufa. Ni minye huyu, niko nimekaa hapa."

Nje gari lilipita na mzigo wa mawe, dirisha likatetemeka. Carine akaweka kalamu chini.

"Papa, minye najua. Hata kwetu ni vile. Ndugu mukubwa ya papa yangu, namuita papa. Lakini bale ba kule banasoma karatasi tu, habasome kwetu. Kama inabakia 'père', ni fausse déclaration, ni kudanganya, dosie inakufa leo. Tukikata tuandike 'oncle', na weye usaini pembeni, inapita. Deni inaisha."

"Oncle," mzee akasema, kama mtu anayeonja kitu. "Oncle ni ndugu ya mama. Ni muntu ya nyumba ingine, anakuya siku ya mahari na anarudia kwao. Minye nilikuwa oncle yake siku gani?"

"Kifaransa haina mot ingine, papa. Ndugu ya papa, ndugu ya mama, bote ni oncle."

Orpa akamtazama mzee. Aliona jinsi alivyokaa, mguu umenyooshwa chini ya meza ya wenyewe, macho mekundu ya mtu aliyetoka kazini bila kulala. Aliwaza koti lile refu na msimu wa mvua unaokuja. Akawaza pia mtoto wa miaka tisa aliyeshushwa Kikula na kifurushi cha nguo, na mtu mmoja akasema: huyu ni wangu. Alijua kinachopaswa kuandikwa, na mkono wake ukakataa.

"Baba, tuache," akasema. "Nitaripa minye, kidogo kidogo. Tuende."

Numbi akamuuliza Carine: "Kama ninaandika ile, Angèle anaripwa yote?"

"Yote."

"Na minye siendi tena ku depo?"

"Hauendi tena, papa."

"Lete bic."

Akapokea kalamu, akaivuta fomu karibu. Hakumruhusu Orpa amsaidie. Akapiga mstari mmoja juu ya neno "père", ulionyooka, wa mtu aliyechora vyuma kiwandani miaka thelathini. Akamwomba Carine amtajie herufi, akaziandika moja moja, nzito, kisha akasaini pembeni na kuweka tarehe. Carine akasoma, akagonga muhuri, akasema faili la maombi limekubaliwa, na kwamba ndani ya miezi miwili Maman Angèle atakuwa amelipwa. Orpa akashukuru. Ilikuwa furaha, ila furaha haikukaa vizuri kifuani. Alikuwa amepata alichokuja kutafuta na bado alijiona kama mtu aliyeibiwa mfukoni.

Walitoka. Mzee alishika njia ya Kikula bila kusubiri teksi-basi, mbele kabisa, goti na yote. Orpa alimfuata nyuma hatua kumi hivi, anatazama mgongo wake, anajaribu kuusoma, na mgongo haukusema kitu. Walipita soko la mkaa, wakapita fundi wa baiskeli. Mwishowe akashindwa kuvumilia.

"Baba, umekasirika?"

Numbi hakugeuka. "Muulize baba yako," akasema. "Minye niko oncle."

"Ni yeye njo niko namuuliza."

Mzee akaenda hatua nyingine mbili, tatu. Kisha akasimama kando ya barabara, akangoja amfikie.